Kadi Pindoni

Bi Mwanakheri alikuwa ameshafungua pindo la kanga na kuitoa kadi yake ya bima ya matibabu.

“Nisomee namba, bibi, la sivyo bima inafungwa leo,” kijana alihimiza kwenye simu. Shikamoo yake aliitupa tu, hakungoja hata kuitikiwa, na hilo lilimkera bibi.

“Ofisi yenu si ipo hapo sokoni? Nakuja mwenyewe.”

“Usije! Nisomee tu.”

“Sisomi.”

Akakata simu, akaifunga kadi pindoni, fundo juu ya fundo.

Mara simu ikalia nyumba ya pili. Sauti ya jirani yake, Mzee Makame, ikapenya ukuta: “Marahaba, mwanangu. Kadi ninayo, ngoja nitafute miwani.”

Bi Mwanakheri hakutafuta ndala. Alitoka peku, pindo ngumini, akimwita kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia.