Maombi kwa Ajili ya Askari wa Chini ya Daraja

Mama alisimamisha filamu kwa rimoti pale pale mbwa walipomkaribia yule askari aliyejificha chini ya daraja.

“Fumbeni macho,” alisema. “Tumwombee.”

“Mama, huyo ni mwigizaji tu!” nilisema.

“Kwani mwigizaji hana mama?”

Nilimtazama kaka yangu. Tangu arudi kutoka vitani, mlango ukibamizwa tu hutoka nje, na filamu ya bunduki hajawahi kuimaliza. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kandambili moja mguuni, nyingine akiitafuta kwa vidole. Niliomba moyoni asiondoke.

Mama aliinua mikono. “Ee Mungu, mtoto huyu si mhalifu, vita ndivyo vimemvuruga. Wanaomsaka, gari liwazimikie. Mbwa wao wapige chafya, wasahau harufu yake.”

Kaka aliguna. “Mama, mwombee na maji. Tangu filamu ianze hajanywa hata tone.”

“Na maji, Baba, tena ya baridi,” Mama aliongeza bila kufumbua macho.

Kaka alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akavua kandambili, akaja kujibana katikati yetu kwenye kochi, akachukua rimoti.

“Haya, amina. Tuone kama umesikika.”