Zafarani ya Mgonjwa

Maziwa yalikuwa yanaungua, na baba yake alikuwa amekaa pale pale karibu na jiko, mikono magotini, akitazama ukuta.

Mwalimu, binti yake, aliisikia harufu akiwa uani anaanika mashuka ya mgonjwa. Akaingia mbio, akazima jiko.

"Baba, jamani. Nyumba nzima inanuka."

Mzee alishtuka kama mtu aliyeamshwa. "Nisamehe, mwanangu. Mawazo tu."

Hakumlaumu. Chumba cha pili mama yake alikuwa amelala, amebaki ngozi na mifupa. Mwalimu alikuwa ameomba likizo shuleni ili aje amuuguze, lakini siku ya nne hii mgonjwa alikuwa akikataa kila kijiko. Asubuhi hiyo tu ndipo aliposema anatamani kitu: maziwa ya moto yenye zafarani.

Na zafarani, kwa mara ya kwanza, haikuwepo nyumbani.

Baba yake aliuza viungo miaka zaidi ya thelathini, na sokoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mzee Pua. Wafanyabiashara walitoka mbali kumletea zafarani aithibitishe kabla hawajainunua. Hakuwa na papara. Alifungua kopo, akaliinamia, akafumba macho, kisha akampa mkewe amshikie wakati yeye anakunywa chai. Chai ikiisha, mkewe akimrudishia kopo, neno linatoka: hii safi, hii imechanganywa, hii ni nywele za mahindi zilizotiwa rangi. Hakuwahi kukosea. Watu walitania kwamba Mzee Pua hunusa uongo ukiwa bado mdomoni mwa msemaji.

Lakini tangu mkewe aanguke kitandani, aliwakataa wote. "Sina moyo wa kazi," aliwaambia mlangoni. Duka likafungwa, na makopo yakaisha moja baada ya jingine bila kujazwa.

"Nitaitafuta," mzee alisema sasa. Akavaa koti, akatoka.

Alirudi kesho yake alasiri, amelowa mvua hadi soksi. Alikuwa amezunguka miji miwili. Hakuvua hata viatu. Alipitiliza hadi kitandani, akafungua kipande cha karatasi na kukisogeza karibu na uso wa mkewe.

Mama alivuta pumzi taratibu. Kisha akateremsha macho, akaviangalia vile viatu vilivyojaa tope, akaviangalia kwa muda.

"Unaionaje?" mzee aliuliza.

"Safi," alisema. "Hii ndiyo yenyewe, mume wangu. Sijapata kuona safi kama hii."

Alikunywa kikombe kizima, binti yake akimshika mgongo. Akaomba tena jioni, na tena asubuhi. Mzee alikuwa akimfuta povu la maziwa mdomoni, na walicheka kidogo, wawili hao, kama watu wenye siri yao. Siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, mama alifariki.

Wiki moja baada ya mazishi, mzee naye alikuwa hali chakula. Mwalimu alipokuwa akipanga rafu ya jikoni aliiona ile karatasi, bado ina nyuzi chache. Akaona amtengenezee baba yake maziwa yale yale. Akapasha maji kidogo, akadondosha nyuzi mbili kwenye glasi ili ziloweke.

Maji yaligeuka mekundu papo hapo. Nyuzi zikabaki nyeupe kama uzi wa cherehani.

Mtoto yeyote aliyelelewa kwenye duka la viungo anajua hilo lina maana gani. Zafarani ya kweli haina haraka. Hutoa rangi ya dhahabu polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Mwalimu alirudia mara ya pili, kwa glasi nyingine. Ikawa vile vile.

Aliibeba glasi hadi sebuleni, akaiweka mbele ya baba yake.

"Hii ndiyo uliyompa Mama."

Mzee aliitazama.

"Maisha yako yote, Baba, hakuna tapeli aliyekupita. Watu usiowajua uliwapimia hadi uzi wa mwisho. Halafu mke wako, kitu cha mwisho alichokitamani duniani, ukaokota rangi yoyote tu ukamletea?" Alikuwa hapigi kelele. "Uliinusa kweli?"

"Mama yako aliniambia ni safi."

"Mama alikuwa anakufa. Unamuulizaje mgonjwa? Wewe ndiye Pua."

Mzee alinyoosha kidole, akagusa ukingo wa glasi, akakirudisha kidole mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Mwaka uliozaliwa wewe niliugua homa kali," alisema. "Tangu nipone, sijanusa kitu hadi leo. Makopo yote yale, mwanangu, aliyekuwa akinusa ni mama yako."