Ukweni Kabla ya Mvua

Baba mkubwa Bona alisema mpaka chai yake ikashika utando, kisha akanyamaza na kumtazama Cate. Biar, ambaye ndiye aliyekuwa akimtafsiria, alijikuna shingo.

"Anakusalimu," akasema.

"Yote hiyo ni salamu?"

"Salamu zetu ni ndefu."

Cate akatabasamu kwa meno tu. Kidinka hakukijua hata cha kuombea maji, na katika sebule hii ya mtaa wa Hai Jalaba, mjini Juba, iliyojaa wazee wa ukoo wa Biar, maisha yake yote yalikuwa yanapitia kinywani mwa mwanamume anayejikuna shingo.

Aliyataka mwenyewe. Kila mwaka vumbi la Machi linapokaribia kwisha, Wakenya wa ushirika wao kule Amarat huketi duara baada ya maombi, na kila mtu hutamka anachokiacha kiangazini na anachoingia nacho masika. Mwangi wa benki huacha bia, kila mwaka bia ile ile. Zamu ya Cate ilipofika alisimama na kusema bila kupepesa, "Ninaacha kungoja. Mvua ikikolea kabla Biar hajanipeleka kwao, narudi Nakuru." Chepkoech, anayefanya naye kazi mapokezi hotelini, aliitikia amina kwa sauti iliyowashtua hata watoto.

Hakuwa anatania. Alimpenda Biar mpaka akajionea haya, na kwa miaka mitatu jibu lilikuwa moja tu: kwetu kuna jambo halijatengenezwa, vumilia. Biar alikulia Eldoret, anapenda githeri, anatania kwa Kisheng. Lakini mtajie ndoa, anakuwa mtu wa mbali. Aliposikia habari za Nakuru alisema, "Sawa. Twende wakuone. Lakini uwe tayari kwa yote ya nyumbani."

"Niko tayari kwa yote," Cate alijibu, na alimaanisha.

Sasa upepo ulikuwa unapiga mabati, na wingu zito lilishafunika upande wa mto. Wazee wakaanza kuharakisha. Baba mkubwa akauliza jambo, na Biar akasita kabla ya kulitafsiri.

"Anauliza, watoto wakija, utakubali wabebe jina la nyumba hii?"

"Si ndiyo kawaida? Mwambie nakubali."

Wazee wakaguna. Mama yake Biar, aliyekuwa ameinama pembeni tangu mwanzo, akainua kichwa.

"Baba mkubwa anauliza pia kama utakaa na sisi hata kama mume hayupo."

Cate akazifikiria safari za Biar. Kazi yake ni kusindikiza matishari ya mizigo kutoka bandarini hadi Malakal, na akienda huko husahau hata kupiga simu.

"Mume kutokuwepo nimeshazoea," akasema.

Alitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Biar alitafsiri kwa sauti ya chini, na wazee wakainamiana kunong'ona.

Cate aliogopa. Aliogopa kuliko siku aliyoshuka Juba peke yake na sanduku moja, bila kumjua mtu. Wakimkataa, basi ndiyo basi. Biar si mtu wa kuwavunjia wazee wake heshima, na yeye si mtu wa kula maneno yake aliyoyatamka mbele ya watu. Akaanza kumwomba Mungu kimyakimya, bila hata kufumba macho.

Mama akanyanyuka. Alikuja taratibu, akapiga magoti mbele yake, akamshika uso kwa viganja viwili huku machozi yakimtiririka. "Makuach," akasema. "Makuach."

"Ni kaka yangu mkubwa," Biar alieleza, akitazama sakafu. "Aliuawa kwenye vita kabla hajaoa. Mama hajamaliza kumlilia."

Cate akamkumbatia yule mama kwa nguvu, naye akalia, kilio cha kweli kabisa.

Baba mkubwa Bona alijiinua kwa fimbo yake. Safari hii hakuhitaji mkalimani. "Khalas!" akatangaza. "Mabruk!" Yamekwisha, hongera: Kiarabu hicho cha mjini Cate alikijua. Wanawake waliokuwa wakisikiliza mlangoni wakaingia kwa vigelegele, na kila mmoja akataka kumgusa mgeni.

"Wamekubali?" Cate alipaza sauti.

"Wamekubali wote!"

Biar alikuwa na uso ambao Cate hakuwahi kuuona, uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akapenya katikati ya wanawake, akamwinamia sikioni.

"Asante, shemeji," akasema. "Kwetu mdogo haoi kabla hajamwolea mke kaka yake aliyekufa. Sasa Makuach ana mke, na watoto nitamzalia mimi. Mwakani, mvua ikianza, utanisaidia kumtafuta wa kwangu."