Mkono wa Ghorofa ya Tatu

Jumatano ile ya Januari, ndoo ilirudi na soksi. Zilikuwa nene, za sufu, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa juu ya bakuli la maharage. Melkiori alizivaa palepale mlangoni, akabaki anaziangalia mpaka maharage yakapoa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mgane wa miaka sita, na tangu mkewe afariki hakuna mtu aliyewahi kuifikiria miguu yake.

Mambo yalianza Aprili iliyotangulia, huku ughaibuni, barafu ilipoyeyuka kwenye mto Mississippi. Melkiori alikuwa fundi mitambo kiwandani Fridley, na Jumamosi zake alizimalizia mtoni na kopo la mahindi ya chambo. Hakuvua samaki wa kujivunia. Alivua wale wanene wanaofukua tope, ambao wenyeji wakiwanasa hununa kana kwamba wamevua kiatu. Kwake samaki ni samaki. Siku moja alipata wawili, akampelekea mmoja Ikupa, nesi wa Kyela aliyeishi ghorofa ya tatu ya jengo lao, Columbia Heights.

Ikupa alikuwa ndio kwanza ametoka zamu. Alipokea ndoo kwa mikono miwili, akapiga miayo, akasema, "Asante, kaka. Ubarikiwe."

Jumatano Melkiori akaikuta ndoo mlangoni kwake chini, imesuguliwa inang'aa, na ndani yake kisamvu cha mawese. Ni adabu tu, alijiambia. Nyumbani nani hurudisha chombo cha jirani kitupu? Lakini kisamvu kile alikila kwa kijiko, kisha kwa kidole.

Jumamosi iliyofuata akarudi mtoni.

Kiangazi kilikuwa cha kambare na mbu. Ndoo ikapanda na kambare, ikashuka na mhogo uliopondwa ukafungwa kwenye majani, chakula ambacho Melkiori hakuwahi kukiona popote. "Mambo ya Kyela hayo," aliamua, akala. Majani ya miti yalipogeuka mekundu, samaki walikuwa wachache na vyakula vikazidi. Desemba alitoboa barafu kwenye kona isiyo na mkondo, akakaa saa nne nzima kwa ajili ya samaki mmoja mrefu mwenye sharubu moja kidevuni. Mtu mwenye akili zake angekaa nyumbani. Ila akikaa nyumbani, Jumatano ingekuja mikono mitupu, na Jumatano ndiyo ilikuwa wiki yake nzima.

Ikupa hakubadilika. Alipokea, akapiga miayo, akashukuru, akafunga mlango. Ni kuona haya tu, Melkiori alijipa moyo.

Mchangamfu alikuwa jirani wa Ikupa wa mlango wa mkabala, Héritière, Mkongomani mjane aliyependa kuongea na watu kwenye korido. Februari alimsimamisha Melkiori na ndoo yake.

"Papa Melkiori, miguu haisikie tena baridi?"

Alidhani ndivyo Wakongomani wanavyosalimiana. "Haisikii, dada," akajibu, akapita haraka asije akaikosa miayo ya Ikupa.

Machi alimweleza rafiki yake Elihuruma kila kitu, soksi zikiwemo.

"Amewahi kukwambia neno?" Elihuruma akauliza.

"Mtu anayekujali hivi, neno la nini?"

"Na akikataa?"

Hilo ndilo lililomnyima Melkiori usingizi. Akikataliwa, hata ndoo haitapanda tena, na Jumatano zake zitakwisha. Alikuwa mpweke, na alikuwa amechoka kuwa mpweke.

Jumapili baada ya misa walipanda ghorofa ya tatu, wote wawili na suti. Melkiori akaketi kimya, kama inavyompasa mposaji. Mdomo wake siku hiyo ulikuwa wa mshenga.

"Dada Ikupa," Elihuruma akaanza, "wazee wako wako mbali, kwa hiyo tumekuja kwako mwenyewe. Kijana wetu huyu ana mwaka mzima analishwa na mkono mmoja. Ndoo inapanda na samaki, inashuka imeshiba. Ameuzoea mkono huo, hawezi tena bila huo. Tumekuja kuuomba, kwa heshima zote."

Miayo ya Ikupa ilikatikia njiani. Akamtazama Elihuruma, akamtazama Melkiori, akaweka chini kikombe cha chai.

"Kaka zangu," akasema taratibu, "mimi samaki nikimgusa tu, uso unavimba. Niliona vibaya kuikataa zawadi ya mtu."

Melkiori akafungua mdomo. Elihuruma akamkanyaga mguu.

Ikupa akainuka, akavuka korido, akagonga mlango wa mkabala.

"Dada Héritière," akaita, "vaa kitenge kizuri uje. Wageni wako hatimaye wamefika."