Aliyewaita Wapimaji

Kiptalam aliziondoa mbao za lango la shamba la Tarkok, akazitupa majanini, kisha akawapigia ng'ombe wake mluzi. Wakaingia kwenye mahindi mabichi. Yeye akabaki barabarani akiwatazama wakila, na hata Tarkok alipotoka mbio na fimbo, hakujisumbua kuondoka.

"Wafukuze polepole," alimwambia. "Wawili wana mimba."

Tarkok aliwatoa mmoja mmoja, kisha akazirudisha mbao zake mahali pake.

Hapo Iten hakuna aliyeuliza chanzo cha ugomvi. Wanaume hawa walitahiriwa msimu mmoja, wakaanza kukimbia pamoja kwenye barabara ya vumbi inayopita ukingoni mwa bonde la Kerio, wakapanda ndege kwa mara ya kwanza wakiwa wameketi bega kwa bega. Tarkok alibaki mkimbiaji wa kawaida. Kiptalam aling'ara. Alishinda marathoni Ulaya, akashinda tena, akajenga nyumba ya mawe yenye vigae vyekundu.

Kisha asubuhi moja wapimaji wa dawa za kuongeza nguvu walifika langoni kwake bila taarifa, siku moja tu baada ya yeye kujidunga sindano. Wangechelewa kidogo wasingekuta kitu. Alifungiwa miaka minne na ushindi wake wa mwisho ukafutwa.

Ni wazi kuna mtu aliyewaita. Na nje ya nyumba ile, aliyejua habari za sindano alikuwa mmoja tu: Tarkok, ambaye aliwahi kushawishiwa ajidunge naye akakataa.

Wa kwanza kulitaja jina hilo hadharani alikuwa Jebiwot, mke wa Kiptalam. Alilitaja sokoni, mbele ya wauza kabeji, kwa sauti ambayo haikuhitaji kurudiwa. Jumapili akahama benchi kanisani ili asikae nyuma ya mke wa Tarkok. Watu walimsifu. Wake wengine wa wanariadha, walisema, jina likianguka nao hufunga virago. Huyu alisimama na mumewe. Kiptalam mwenyewe alijivuna kwa rafiki zake kwamba mama watoto wake bado anampenda kama bibi harusi, kwani usiku huamka na kumwekea sikio kifuani. Jebiwot alikuwa na mazoea hayo tangu kaka yake, mkimbiaji aliyekuwa akijidunga pia, alipolala mzima akakutwa asubuhi amekufa.

Basi Tarkok akaonjeshwa joto ya jiwe. Alfajiri alipojiunga na kundi pale njia panda, wenzake walipunguza mwendo mpaka akajikuta anakimbia peke yake. Kama hakuelewa, walimwelewesha. "Unakimbilia wapi? Wapimaji wamekutuma?" Kwenye harusi ya jirani, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kilizunguka, kikamfikia, kikamruka. Na wiki za mwisho kabla ya mchujo wa timu ya taifa, mtu alimpiga kikumbo kwenye kona yenye mawe akatumbukia mtaroni. Kifundo cha mguu kilivimba kama boga. Hakuna aliyeona ni nani. Mchujo ukampita.

Siku moja alikuja kwa Kiptalam, akichechemea, kofia mkononi.

"Ndugu yangu," alisema akiwa bado uani, "naapa kwa wanangu, sikuongea na mtu yeyote."

Kiptalam aliendelea kuosha viatu vyake. Jebiwot ndiye aliyetoka jikoni, birika la chai mkononi.

"Umetuzika, sasa umekuja kukagua kaburi?" alimwuliza. "Toka hapa kabla sijakumwagia hii chai."

Tarkok akavaa kofia yake, akaondoka. Jebiwot aligeuka kwa ghafla, chai ikamwagika mguuni pake mwenyewe, na Kiptalam akamwambia asijichome kwa hasira, mtu huyo hana thamani hiyo.

Mwaka uliofuata Tarkok aliuza shamba, akahamia kwa wajomba zake kule Kapchorwa, ng'ambo ya mpaka. Lori lilipopita naye na vitanda vyake, Kiptalam alisimama kando ya barabara akipiga makofi, taratibu, kama vile watu humpigia anayemaliza wa mwisho.

"Kimbia, rafiki," alimwambia. "Labda huko hawapimi."

Adhabu ilipomalizika alirudi mazoezini. Miguu ilikuwa mizito. Vijana aliowafundisha kufunga kamba za viatu sasa walimpita kwenye kilima na kumwambia, "Mzee, shika kando." Alivumilia kwa muda. Kisha akaenda Eldoret na kurudi na kifurushi kidogo, akakificha kwenye friji nyuma ya maziwa.

Mchana huo aliketi uani juani, mkono wa shati umekunjwa hadi begani, akibonyeza kipande cha pamba mkononi. Hakuwa amecheka hivyo kwa muda mrefu.

"Safari hii hakuna wa kutusaliti," alimwambia mkewe. "Nyoka ameshahama."

Jebiwot alicheka naye. Alimmiminia chai, akamwongezea sukari apendavyo, akamwuliza kama atakula viazi au ugali. Kisha akachukua beseni la nguo, akashuka nalo mpaka nyuma ya boma la ng'ombe, mahali ambapo simu hushika vizuri.

"Ni mimi tena," alisema. "Njooni kesho asubuhi."