Nafasi Yote

Kwa kila mtoto wa kike aliyeingia ukumbi wa uwanja wa ndege, Séraphine alitazama kwanza mguu wa kushoto, uso baadaye.

Uso hudanganya. Wiki mbili mikononi mwa mtu mwingine, kichwa kimenyolewa, kofia imevalishwa, na mama anaweza kupishana na mwanawe. Lakini kovu la uji wa moto, pana kama jani la maharagwe, halinyolewi.

Bénie, binti yake, alipotea siku kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ilipokimbia vita. Watu walishuka barabarani kwa maelfu, na mkono wa mtoto ukachomoka mkononi mwa mama yake. Polisi walimwambia arudi vita ikipoa. Aliyempa neno la maana ni Angèle, muuza makaa. Alikuwa amemwona mtoto na mwanaume mmoja aliyempa mgongo. Alisikia anaitwa Florent. Alisikia pia kwamba Alhamisi anampandisha ndege ya Kinshasa.

"Lile jina usilitaje kule uwanjani," Angèle alimwonya. "Akisikia, anapotea. Ingia tu mu ndege. Mule hakuna kwa kutorokea."

Sura ya huyo Florent hakuijua. Na pale uwanjani askari hawamwingizi mtu asiye na tikiti. Wamama wa kanisa wakachanga, wakampatia ya bei ya chini kabisa. Ilikuwa ya Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

"Mama, nilishakuambia," alisema Julien, karani wa kaunta. "Hii ni tikiti ya promosio. Haibadilike. Uko wa saba ku liste ya wenye kungojea. Mutu asipokuja, njo unaingia."

"Na wakikuja wote?"

"Unarudia Jumamosi."

"Jumamosi kutakuwa ndege?"

Bomu lilinguruma upande wa Lac Vert, vioo vikatetemeka. Julien akatazama dari.

"Hiyo uulize wenye kupiga ile."

Watu wa foleni walicheka, kicheko kifupi, kisha kila mtu akashika mzigo wake vizuri zaidi.

Abiria wengi walikuwa wamekwisha kupita mlango wa chuma. Hapa ukumbini kovu halikuwapo. Basi, aliwaza Séraphine, Bénie yuko nyuma ya mlango ule. Akakaa kwenye benchi, kando ya muzee mmoja mwenye koti la kijivu na sanduku dogo. Muzee alimmiminia chai ya termosi ndani ya kifuniko.

"Kunywa, mama. Unatetemeka kupita vile vioo."

"Aksanti, papa."

"Kinshasa unaenda kwa nani?"

Alisita. Lakini jina alilokatazwa kutaja lilikuwa lile lingine.

"Ninafuata mutoto wangu. Bénie."

Muzee alifunga termosi yake polepole, akaizungusha hata ilipokwisha kukaza.

"Iko na miaka ngapi?"

"Ine."

"Na nafasi umeshapata?"

"Niko wa saba, papa. Na tikiti yenyewe ni ya masikini."

Simu ya muzee ililia mfukoni. Aliisikiliza, akajibu maneno mawili tu, "Musikuje bado," akaizima. Akainuka kwenda kaunta. Séraphine alimfuata kwa macho, halafu kwa miguu.

"Huyu mama anafuata mutoto wake," muzee alimwambia Julien. "Mupatie nafasi yangu."

Kambere, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa wa kwanza kwenye liste, aliruka. "Hee! Na siye tuliolala hapa? Ao ni mpaka mutu alie njo apande?"

"Nafasi ni yangu. Ninapatia ule ninataka."

Julien alikuna shingo. "Yako ni ya bei nzima, muzee, inabadilika hata mara kumi. Lakini ndege ingine ni lini, sijui."

"Nitangojea. Sina haraka tena."

"Nafasi yote?"

"Yote."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mashini zimelala. Julien alichukua karatasi ya muzee, akapiga mstari, akaandika juu yake, akaikunja na kumtia Séraphine mkononi.

"Kimbia, mama. Wanafunga mulango."

Séraphine alishika mkono wa muzee kwa mikono yake miwili. "Mungu akulipe, papa. Hata jina sijakuuliza."

"Jina la nini? Kimbia." Hakumwachia mara moja. "Ukimupata, umuchunge na moto."

Nje bomu lililia tena.

"Ndiyo, papa," alisema Séraphine.

Ndani ya ndege alianza kwa safu za mbele. Viatu, ndala, soksi, mguu kwa mguu. Watu walimsukuma, wengine wakamtukana, hakuwasikia. Alipofika katikati, mwanamke wa ndege alimkamata begani na kumkalisha.

"Nimebakiza safu za nyuma," Séraphine alimwomba.

"Utatembea tukishapanda juu. Mulango umefungwa, mama. Hakuna mwenye kutoka tena."

Maneno hayo yalimtuliza. Hakuna mwenye kutoka. Alifunga mkanda. Kiti cha kando yake, cha dirishani, kilikuwa kitupu, na alishangaa kidogo, kwa jinsi watu walivyokuwa wakikigombania kule nje.

Magurudumu yaliachia ardhi ya Goma. Ndipo akafungua ngumi na kukunjua karatasi, atazame kama kiti hiki ni chake kweli. Juu palikuwa na jina lake, wino bado unachafua kidole. Chini yake, maandishi ya kwanza yaliyopigwa mstari bado yalisomeka vizuri.

Florent. Na mtoto mmoja.