Kioo cha Kisima cha Olbalbal

Valeriani aliwekewa funguo za kisima mkononi mbele ya watu wote, naye akazipokea huku macho yake yakitafuta pa kujificha.

"Tafuta mtu anayejua Kiingereza, umfundishe," alisema Moloimet, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Olbalbal. "Nashipai ametuunguzia pampu."

Nashipai, mlinzi wa kisima kwa miaka tisa, alikuwa ameketi kando ya birika la ng'ombe, shuka hadi kidevuni. Alipoulizwa kama alielewa onyo lililotokea kwenye kioo cha mashine, alikawia kujibu, na watu wakamjibia. Mama wa watu, Kiingereza atakijulia wapi?

Valeriani ndiye aliyejua kwa nini kioo kiliandika Kiingereza. Mashine za kuongoza pampu alizifunga yeye, fundi kutoka Karatu. Zote ziliendeshwa na programu ya Linux, ila za aina mbili: kubwa za zamani, na ndogo mpya zenye ubongo, yaani prosesa, tofauti. Lukresia, fundi mkuu wake, alimwonya kwamba mafaili ya lugha huandaliwa kufuata ubongo wa mashine, kwa hiyo kila aina iwekewe folda yake. Valeriani akacheka. Lugha ni lugha, bwana. Akayaandaa kwenye mashine kubwa iliyokuwa mezani kwake, akayaweka yote folda moja, akaona Kiswahili safi, akaenda zake kula ndizi nyama.

Mashine ya Olbalbal ilikuwa ndogo. Ilishindwa kuyasoma, ikarudi kwenye Kiingereza chake cha kiwandani. Maji yakaisha chini, pampu ikazunguka kavu hadi ikaungua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu lilikuwa la mwingine.

Juzi, alipokuja kukagua pampu, aliyaandaa upya yale mafaili na kuyaweka kwenye folda yake kimyakimya, kama mwizi anayerudisha kuku. Alidhani aibu itapoa. Wapi. Sasa ilikuwa imempanda hadi masikioni.

Akasimama.

"Wazee, mnamwonea mama huyu. Mashine ilitakiwa kuandika Kiswahili. Mimi niliiwekea mafaili ya mashine nyingine, halafu nikanyamaza. Naona aibu hata kumtazama."

Moloimet akamgeukia. "Basi, fundi," alisema, "kwenye visima vyetu usirudi tena."

Valeriani akaitikia kwa kichwa. Akamwendea Nashipai, akamnyooshea funguo kwa mikono miwili.

Nashipai hakuzipokea.

"Keti, mwanangu," alisema. "Kiliandika maji yamekwisha, zima pampu. Nilikisoma vizuri, kwa Kiingereza chake hichohicho. Lakini wafugaji waliotoka Piyaya walikuwa wametembea siku mbili, na ng'ombe wao walikuwa bado hawajanywa."